Mbwa Aliyeitwa Nusu

Hapo zamani, juu milimani ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mahindi. Sogeeni. Na wenye aibu ndogondogo waziache mlangoni, maana hadithi hii ina viungo vya mbwa ndani yake, nami sitavizungukazunguka.

Adui wa kijiji kile alikuwa nyani. Si simba, si chui: nyani. Mahindi yakianza kukomaa walishuka msituni, wakavunja, wakaonja, wakatupa, wakavunja tena, halafu wakaketi juu ya jiwe kuwatazama wenye shamba kana kwamba wenye shamba ndio wageni. Dawa ilikuwa moja tu, mbwa dume wa ukoo wa pale kijijini, na jike wa mwisho wa ukoo ule alikuwa Kishindo, mbwa wa Bi Nambua.

Sasa, walikuwa na sheria yao. Mtoto dume wa mbwa haendi nyumbani kwa mtu kabla hajapimwa. Akianza kutafuna ugali, anapimwa. Meno yamekutana? Miguu imesimama sawa? Kitovu kimefunga? Na mwisho, lile ambalo watu walilisubiri huku wakikohoakohoa: makende yameshuka yote mawili? Walisema dume ambaye kende lake limebaki tumboni atawarithisha wanawe upungufu uleule, na mwishowe kijiji kizima kitalindwa na mbwa wa kubahatisha. Aliyepita alivishwa ukanda wa ngozi wa nyumba ambayo zamu yake imefika. Asiyepita haendi kwa mtu.

Mpimaji alikuwa Bi Nanzia, mama wa miraba minne asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Akishamwinua mtoto wa mbwa na kupeleka vidole kule, wanaume wote waliokuwapo walibana miguu bila kujijua. Na kabla ya kumgusa kila mtoto alinawa maji ya chemchemi, maana Kishindo akinusa harufu ngeni mwilini mwa mwanawe alikuwa anang'ata. Ndivyo walivyofundishwa na bibi zao. Lakini enzi za bibi zao mbwa walizaa wakati wa jua, na Kishindo naye alizaa wakati wa jua, miaka yote.

Mwaka ule akazaa wakati wa baridi.

Basi asubuhi moja ya ukungu watu wakakusanyika uani kwa Bi Nambua, wamejifunika hadi puani. Bi Nanzia akanawa, akapima. "Mawili!" Ukanda ukafungwa. Akanawa, akapima. "Mawili!" Ukanda ukafungwa. Akabaki wa mwisho, mwembamba, anatetemeka. Akanawa, akapima.

"Moja," akasema.

Zamu ilikuwa ya Senzota. Huyu Senzota shamba lake lilipakana na msitu, na misimu iliyopita nyani walimlia mahindi mpaka wanawe wakawa wanashindia majani ya maboga. Ukanda wake alikuwa ameupaka mafuta mpaka umelainika.

"Pima tena, mama," akasema.

Bi Nanzia akanawa tena, kama inavyotakiwa. Akapima. Akakunja uso. "Hata lile moja silioni."

"Pima tena, mama yangu, nakusihi."

Akanawa tena. Akapima. Mtoto wa mbwa akajikunja mwili wote. "Senzota mwanangu," akasema Bi Nanzia, "nikinawa mara nyingine huyu atakuwa jike."

Watu wakacheka wakashikana mabega. Senzota hakucheka. "Nipeni hivyohivyo. Mimi nataka wa kubweka, sitaki wa kuoa!"

"Haendi kwa mtu!" wakamjibu wote.

Akaukunja ukanda wake akautia kwapani, akaenda zake. Alilia njiani, na hakujificha.

Bi Nambua naye akaanza kulalama. "Na mimi nifanye naye nini? Nimelisha mama, nimelisha watoto, leo mnaniachia nusu mbwa!" Hapo ndipo mbwa alipopata jina.

Nyuma ya watu akasimama mwanamke aitwaye Namcheja. Alikuwa mgeni aliyepanda mlima mwaka wa ukame, akapewa kipande cha ardhi kando kabisa ya msitu, ambacho hakuna aliyekitaka, akaishi kwenye dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia mahindi. Na pale kijijini nyumba ilihesabiwa kwa mafiga ya kurithi. Mkwe akikupa mafiga yake, una nyumba, una zamu. Namcheja alipikia mawe ya kuokota. Hakuwa na zamu ya chochote.

"Bi Nambua," akasema, "sheria inasema haendi nyumbani kwa mtu. Mimi nina nyumba?"

"Huna!" wakamjibu upesi. Jibu hilo walikuwa nalo tayari siku zote.

"Basi nipeni mimi. Hatakwenda nyumbani. Atakwenda kwenye dungu."

Wakacheka tena. Bi Nambua akamsukumia mtoto wa mbwa kwa mguu. "Chukua, mwanangu, chukua. Ila usije ukanirudishia."

Namcheja akamfunga Nusu ndani ya khanga, tumbo kwa tumbo, akaenda naye. Akamtafunia ugali. Akamlaza karibu na moto. Baridi ikapita, jua likatoka, na mchana mmoja Nusu akajilaza chali juu ya mawe yenye joto, miguu yote juu kama mwenye mali. Namcheja akamkuna tumbo. Akatazama. Akatazama tena.

Yalikuwa mawili, yametulia kana kwamba hayajawahi kwenda popote.

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikamkauka, maana aliwaza ule ukanda uliopakwa mafuta. Nikisema, wanamchukua, akajiambia. Akatazama huku, akatazama kule, akamgeuza mbwa kifudifudi. Hakumwambia mtu.

Nusu akakua. Akapata kifua, akapata sauti. Nyani wakija kwa Namcheja aliwafukuza mpaka msituni, na nyani si wajinga, wakahamia shamba la jirani. Jirani ni nani? Senzota. Mwaka ule Namcheja alivuna akakosa pa kuweka. Senzota alivuna mabua. Namcheja akampelekea kapu la mahindi, na Senzota akalipokea kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie, dada," akamwambia. Neno hilo lilimchoma Namcheja njia nzima ya kurudi.

Msimu uliofuata, mahindi yakiwa bado machanga, Nusu alifukuza kupita kiasi. Nyani dume mkubwa akamgeukia, akampasua ubavu, akamwangusha korongoni. Namcheja alimwita mpaka sauti ikamkatika, asimpate.

Aliyempata ni Senzota, akitafuta kuni. Angeweza kupita. Alimtambua: yule yule mbwa aliyenyimwa, yule yule anayemhamishia nyani. Akasimama kidogo, akatupa kuni, akamtia mbwa mabegani. Nyumbani alimwosha jeraha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, akamfunga kwa khanga ya mkewe, akamlisha uji kwa kidole, akakesha naye kando ya moto mpaka homa ikashuka. Na siku moja akiosha ule ubavu, jicho likateremka chini kidogo.

"Mama Mbonea!" akamwita mkewe. "Njoo uhesabu, mimi labda nimechanganyikiwa."

Mkewe akaja, akahesabu. "Mawili, baba Mbonea."

Senzota alipanda juu ya kinu, akauchomoa ule ukanda darini.

Namcheja akapata habari, akaja mbio. Alipofika uani Nusu akabweka kwa furaha. "Nusu! Nusu wangu!"

"Haitwi Nusu," akasema Senzota. "Anaitwa Kamili. Na ni wangu."

Wakavutana mpaka kijiji kikajaa uani. Moto ukakokwa, maana baridi ilikuwa imerudi. Bi Nambua akaja na Kishindo, aliyekwisha kuzeeka, chuchu zimekauka, hatazaa tena. Na kule ng'ambo mahindi yalikuwa yameanza kukomaa, na nyani walikuwa wameshaketi juu ya jiwe.

Senzota akasema, "Zamu ilikuwa yangu. Ukanda ulikuwa mkononi mwangu. Hata mlipomwita mbovu nilisema nipeni hivyohivyo, mkakataa mbele ya macho yangu. Mbwa hakuwa na kasoro, kasoro ilikuwa ya upimaji, na kosa lenu limewalaza wanangu na njaa. Halafu alipokuwa nusu ya kufa, nani alimfufua? Mimi. Mnanidai nini tena?"

Namcheja akasema, "Mlimsukuma kwa mguu, mimi nikampokea kwa tumbo langu. Nilimtafunia. Nilimfundisha kubweka, naye akanilinda. Kaka Senzota amemuuguza, namshukuru mpaka kufa, lakini mtu akikuuguzia mwanao, mtoto anakuwa wake?"

Senzota akamtazama. "Dada, niambie kweli. Ulijua kwamba ni mzima?"

Namcheja akasogeza ukuni motoni.

"Nilijua," akasema Namcheja. "Tangu alipokuwa mdogo."

"Uliponiletea kapu la mahindi, ulijua?"

"Nilijua." Akaanza kulia. "Niliogopa. Mimi nina nini kingine?"

Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Isitoshe hana nyumba! Mbwa mzima huenda nyumbani, na yeye mwenyewe alisema ana dungu tu!"

Namcheja akafuta machozi, akageuka mzimamzima. "Mbwa alipokuwa mbovu, dungu lilitosha. Leo ni mzima, mnaulizia mafiga? Niambieni basi, nyani nao huuliza mafiga kabla hawajala?"

Aliyepaza sauti akarudi nyuma ya wenzake.

Bi Nambua akakohoa. "Nami nisikilizeni. Mimi nilimtoa kama mbovu. Ningejua ni mzima nisingemtoa hivi. Kilichotoka kwa hukumu ya makosa hakijatoka. Kishindo hazai tena, na wale ndugu zake waliovishwa ukanda siku ile, mmoja aliumwa na nyoka na mwingine aliingia mtegoni. Wakubwa zao wamekwisha kufa mmoja mmoja, na huyu ndiye dume pekee wa ukoo aliyebaki. Arudi kwangu, nimtafutie jike hata wa kijiji kingine, na kila nyumba itapata. Na dungu pia," akaongeza, akimtazama Namcheja pembeni.

"Lini?" akauliza Senzota. "Mahindi yangu yanaliwa leo."

"Na uliniambia nisimrudishe," akasema Namcheja.

Basi macho yote yakamgeukia Bi Nanzia, kwa sababu ukanda hufungwa na mpimaji. Akasimama taratibu. "Kwanza nimpime mwenyewe," akasema, akaelekea kwenye chungu cha maji ya chemchemi kama kawaida yake.

"Mama," akaita Namcheja, "leo usinawe. Ota moto kwanza."

Bi Nanzia alikasirika kidogo. Alitaka kusema neno kubwa. Lakini aliangalia mikono yake, akaangalia ukungu, akasita. Akaichovya mikono kwenye maji yale, akaiweka kwenye shingo yake mwenyewe. Akaruka mpaka kilemba kikadondoka.

"Kumbe!" akasema. "Mimi mwenyewe ningeficha nilicho nacho."

Kijiji kizima kikaanguka kwa kicheko, hata Senzota, hata Namcheja na machozi yake. Bi Nanzia akaota moto mpaka viganja vikapata joto, akapima. "Mawili," akasema, na safari hii kwa sauti ndogo. Akamgeukia Senzota. "Mwanangu, nisamehe. Nilipima baridi, sikupima mbwa." Akanyoosha mkono, akapewa ukanda.

Mtu mmoja akapendekeza mbwa mwenyewe achague. Wakamwachia katikati. Akamwendea Namcheja, akamlamba miguu yote miwili. Watu wakasema, haya. Akamwendea Senzota, akamlamba mkono uliomlisha uji. Watu wakasema, haya. Akamwendea mama yake Kishindo, akamnusa pua kwa heshima. Kisha akarudi kando ya moto, akajilaza chali, miguu juu, akawaonyesha wote kile kilichowagombanisha.

Wakati bado wanacheka, nyani wakalia kule kwenye jiwe. Kicheko kikakatika. Senzota akatazama upande wa shamba lake. Namcheja akatazama upande wa shamba lake. Bi Nambua akamshika Kishindo shingo. Mbwa ni mmoja, na mahindi hayasubiri kesi iishe.

Msinitazame mimi, mimi mdomo wangu umefika mwisho wake. Yupo aliyenyimwa haki yake mchana kweupe, kisha akamwokoa yuleyule mbwa aliyenyimwa. Yupo aliyempokea alipokuwa kichekesho, kisha akanyamaza jirani yake akilala njaa. Yupo aliyemtupa, naye leo anamtaka kwa faida ya wote. Bi Nanzia bado amesimama pale, ukanda mkononi, viganja vinaanza kupoa tena.

Haya, wenzangu, semeni kabla nyani hawajashuka: je, nani alistahili?