Kongoni na Ile Ta Iliyodondoka

Haya, nani hapa ataniita mwongo? Asimame nimwone. Na ajue kabisa, hadithi hii nimeisimulia mpaka imenichosha, na bado hajatokea wa kunipinga. Ukisema haikuwa, nakuachia kigoda, usimulie wewe. Hakuna? Mnaogopa. Vizuri.

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnaumwa meno? Paukwa!

Pakaaawa!

Sasa sawa. Watoto mbele, wakubwa nyuma, mwenye usingizi akalale kwao.

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya babu zenu, kale ya juzijuzi, wanyama walipokuwa wameshapata mtandao, palikuwa na bwawa. Bwawa likiitwa Mwerere. Pembeni yake migunga miwili. Katikati ya migunga miwili Bibi Buibui ametanda nyuzi zake, huku mpaka kule, juu mpaka chini. Una harusi? Unakwenda kwa Buibui, anakutangazia. Umepotelewa na mtoto? Unakwenda kwa Buibui. Anaandika kwa uzi, herufi moja moja, na picha ukimletea anaitundika chini yake. Alfajiri umande unashuka, maandishi yanang'aa, kila ajaye kunywa maji anasoma. Wasiojua kusoma wanasomewa na Tumbili, na Tumbili hakusomei mpaka akutanie kwanza.

Huo ndio ulikuwa mtandao. Msiniulize chaji walipata wapi.

Basi ukaja uchaguzi wa Mkuu wa Bwawa. Huyo ndiye anayesema nani anywe saa ngapi na nani asimame wapi. Na wanyama walikuwa wamechoka. Si kuchoka kwa kazi, kuchoka kwa kuahidiwa. Waliahidiwa maji masafi, wakanywa tope. Waliahidiwa kivuli, wakapigwa na jua. Ukimwambia Ngiri, "Uchaguzi umefika," anageukia upande wa pili, anaendelea kulala.

Lakini Kongoni hakulala. Kongoni alikuwa na lake.

Kiangazi kilichopita alikwenda kunywa maji na wanawe wawili, akarudi na mmoja. Ambaye hakurudi aliitwa Kipaku, kwa ajili ya doa jeupe lililokuwa kwenye paji lake la uso. Fisi alionekana eneo hilo. Fisi hakuulizwa. Mkuu wa Bwawa wakati huo alikuwa Mzee Kiboko. Akasema, "Pole, ndugu yangu. Mambo ya nchi kavu hayanihusu." Akazama. Chubwi!

Tangu hapo Kongoni hakutaka makuu. Alitaka sheria moja tu: penye maji pasiliwe mtu. Tunywe kwanza, kisha kila mtu akakimbizwe huko mbele. Maana yule mtoto aliyebaki bado anakunywa kwenye bwawa lile lile, na kila akiinamisha shingo, baba yake anatetemeka mpaka ainue. Kongoni akajitosa.

Wakagombea watatu: Kiboko, Kongoni, na Fisi. Na kila mmoja akataka ukurasa.

Maskini Buibui! Kiboko huku: "Nifanye nionekane mwembamba." Fisi huku: "Nifanye nionekane nimeshiba." Buibui anakimbia na miguu yake minane, na yote minane inauma. Kongoni akangoja wenzake waishe. Akasogea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sema haraka, mwanangu, uzi unanikauka tumboni."

"Andika hivi: Nikichaguliwa, nitatawala kwa upole, bila kubagua mkubwa wala mdogo. Nitaanza na watoto."

"Ehe?"

"Basi."

"Basi? Wenzako wamejaza mgunga mzima."

"Mimi sina maneno mengi, Bibi. Nina mtoto mmoja."

Buibui akamtazama kwa macho yake yote. Akaanza kutanda.

Kukapambazuka. Umande ukashuka. Wanyama wakaja wakijikokota, kila mtu na miayo yake. Tumbili akaparamia mgunga, akakohoa.

"Khm! Ndugu wapiga kura, poleni na uchovu, tunawaongezea mwingine. Mheshimiwa Kiboko!"

Ukurasa wa Kiboko ulikuwa mpana kama mwenyewe. Tumbili akasoma: "Mimi ni mwana wa Mwerere. Kwa masikio yangu haya makubwa nimewasikiliza. Kwa mkonga wangu huu mrefu nitamfikia kila mmoja wenu."

"Mkonga?" akauliza Ngiri, usingizi ukimtoka. "Mzee, mkonga uko wapi? Umeukalia?"

Kumbe Kiboko alinakili ukurasa wa Tembo, mgombea wa bwawa jingine huko, akabadilisha jina tu. Na chini yake kaweka picha: "Wananchi wa Mwerere wakifurahia maendeleo." Kwenye picha, ndege wasiojulikana, wamevaa makoti meusi, wamesimama juu ya barafu.

"Hawa ni wananchi wa wapi?" akauliza Swala.

"Wa baridi," akajibu Tumbili.

Kwi kwi kwi! Kiboko akasema hizo ni hujuma. Nani wa kumsikiliza? Akazama, mapovu yakabaki juu.

"Wa pili! Bwana Kongoni!"

Kongoni akasogea mbele. Alikuwa amejilamba manyoya mpaka yanameremeta. Mtoto amejibana ubavuni mwake. Tumbili akatazama ukurasa. Akatazama tena. Akashusha mkia.

"Bwana Kongoni, haya ni maneno yako?"

"Ni yangu. Soma."

"Una hakika?"

"Soma, bwana, watu wana kiu."

Tumbili akavuta pumzi. "Nikichaguliwa, nitawala kwa upole."

"Eti nini?"

"Nitawala! Kwa upole! Bila kubagua mkubwa wala mdogo! Nitaanza na watoto!"

Mnacheka? Hata wao walicheka. Nitatawala, ta moja imedondoka, imebaki nitawala. Ngiri akaanguka chali, miguu juu. Swala akacheka mpaka akajikojolea.

"Kongoni, baba, meno ya kutula sisi umeazima kwa nani?"

"Lakini kwa upole, jamani, kwa upole! Atatutafuna taratibu!"

"Mimi anitie chumvi!"

"Siyo hivyo!" Kongoni akapiga kelele. "Nilisema nitatawala! Bibi Buibui, waambie! Waambie umekosea!"

Macho yote yakapanda juu kwenye nyuzi. Buibui akamtazama Kongoni.

"Nimekosea," akasema.

Akashuka kwa uzi wake, akaichomeka ile ta mahali pake. Ikakaa vizuri kabisa. Lakini nani anasoma masahihisho? Kwelea walikuwa wameshaondoka. Mnawajua Kwelea, wale ndege wanaoruka kama wingu. Walilibeba neno kama walivyolikuta, nitawala, nitawala, nitawala, mpaka mbuga za mbali ambako hata Mwerere hawaijui. Huko mama akimwona kongoni yeyote anavuta wanawe: "Njooni huku, huyo anaanza na watoto!"

"Wa tatu! Mheshimiwa Fisi!"

Ukurasa wa Fisi, jamani, ulikuwa msafi. Herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride. Nukta iko mahali pa nukta. Tumbili alisoma bila hata kukwama: "Watoto wenu nawawaza mchana na usiku. Siwezi kulala bila kujua wako wapi." Na chini yake picha. Jua linachomoza, Fisi anatembea, amembeba mtoto mdogo mdomoni.

"Tazama anavyombeba," akasema Swala. "Kwa uangalifu."

"Picha kali hiyo," akasema Ngiri.

Kongoni akaitazama ile picha. Mtoto kwenye picha kichwa kimening'inia. Na kwenye paji la uso pana doa jeupe.

"Yule ni Kipaku," akasema. Akarudia. "Yule ni Kipaku wangu! Hamwoni amebebwa kwa meno? Hamwoni shingo?"

Fisi akashtuka. Mkia ukaingia katikati ya miguu. Wallahi hakukusudia. Aliambiwa picha za watoto zinapendwa na wapiga kura, akatafuta ya mtoto, na hiyo ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Akafungua mdomo ajitetee. Hakuwa na haja.

"Aaa, Kongoni, wewe nyamaza," akasema Ngiri. "Wewe si unaanza na watoto?"

Kicheko kikalipuka upya, kikubwa kuliko kile cha kwanza.

Fisi akautoa mkia wake polepole. "Mwacheni mwenzetu," akasema. "Ana uchungu. Tusimcheke. Siasa zisitugawe, ndugu zangu."

"Mnasikia lugha hiyo?" akasema Swala. "Huyo sasa ndiye kiongozi."

Kongoni akajaribu tena. Kila akifungua kinywa, mmoja anadakia, "Haya, anataka kutafuna!" na wote wanacheka. Akafungua, wakacheka. Akafungua, wakacheka. Akakifunga.

Wakapiga kura. Kura yao ni kusimama nyuma ya umtakaye. Nyuma ya Kiboko hapakuwa na mtu, maana yeye mwenyewe yuko chini ya maji. Nyuma ya Kongoni alisimama mkewe, na mtoto, na mtoto hana umri wa kupiga kura. Nyuma ya Fisi foleni ilipinda mpaka vichakani, na Ngiri ndiye wa mbele kabisa, amejipanga. Hata Fisi alishangaa. Akawa anageuka, anaitazama foleni ile, anameza mate, anatazama mbele. Anageuka tena.

Fisi akawa Mkuu wa Bwawa. Siku ile ile akatoa amri yake ya kwanza: watoto wanywe kabla ya wakubwa, na wakubwa wangoje juu ya kilima, wasije wakawakanyaga.

"Mnaona?" akasema Ngiri. "Anawajali."

Watoto wakashuka bwawani. Wakubwa wakangoja kilimani. Wakangoja. Wakangoja. Watoto wakapanda kurudi, mmoja mmoja, hawachezi. Ngiri akawahesabu wake. Akawahesabu tena. Akawapanga mstari, akawahesabu tena.

Kongoni hakuwapo pale kilimani. Alishaondoka na mkewe na mwanawe, wanaufuata mto ulioko mbali, nyatu, nyatu, nyatu, kiu imewakaba.

"Tutafika?" mkewe akauliza.

"Tembea tu, mama watoto."

Na Buibui? Alibaki kwenye migunga yake. Kesho yake Ngiri akaja, macho mekundu.

"Mwanamke mzima na miguu minane, neno moja limekushinda kuandika! Kosa lako hilo ndilo lililotumaliza. Tungemchagua Kongoni sisi!"

Buibui alikuwa anatanda tangazo la mtoto wa Ngiri aliyepotea. Akauliza tu, "Alikuwa na alama gani?"

Haya. Mafunzo, maana najua wakubwa mmekuja kwa hayo tu. Kosa la kuandika halijawahi kumla mtoto wa mtu. Kabla hujamcheka mgombea kwa herufi aliyoidondosha, mtazame yule mwingine meno. Anayeandika vizuri ameandika vizuri, basi. Hajawa mwema. Na mtu akikuambia mtoto wake yuko kwenye picha, acha kucheka, itazame picha.

Hadithi yangu imefika kikomo chake, nami koo limekauka. Nendeni.

Mbona hamwinuki?

Haya, haya. Kipo kipande nilichokiruka. Nilisema hakuna wa kunipinga, sikusema nimemaliza yote.

Buibui alipokwisha kutanda, kabla umande haujashuka, alimwita Kongoni. Akamwambia, "Njoo usome kabla sijakaza nyuzi. Nimechoka, mwanangu, macho yote yanaona ukungu. Soma neno kwa neno." Kongoni akasogea. Akatazama kutoka kushoto kwenda kulia, kama wanavyotazama wanaosoma. Akarudia mara ya pili, taratibu, na midomo akaichezesha. Akasema, "Safi kabisa, Bibi."

Kongoni hakujua kusoma. Hata a.

Buibui aliyaona macho yale yanavyopita juu ya maneno bila kutua. Akajua. Akaona vibaya kumwaibisha baba wa watu aliyekuja na neno lake moja, akakaza nyuzi. Na alipoitwa mbele ya kadamnasi akasema nimekosea. Akatukanwa, akanyamaza. Mpaka leo hajamtaja.

Kipande hicho huwa nakiruka kila mara. Tumbili alikuwa pale pale mgungani, angesoma, ta ingerudi mapema, na watoto wa watu wangekuwapo. Ingetosha Kongoni aseme, "Bibi, mimi sijui kusoma, nisomee." Maneno machache hayo. Ni mepesi mkiyasikia kwangu, hapa, gizani. Kayasemeni mbele ya watu, mchana, karatasi ikiwa mkononi.