Nungunungu Aliyefagia Uwanja wa Wote

Nitoe, nisitoe?

Toa!

Nikitoa, mtaipokea?

Tutaipokea kwa mikono miwili!

Basi tulieni. Wewe uliye nyuma, acha kusinzia, hii yakuhusu.

Hapo zamani, zamani za kale sana, wanyama walikuwa na uwanja wao bondeni. Haukuwa wa Simba wala wa Panya, ulikuwa wa wote. Palikuwa na mikuyu, chemchemi ndogo, na majani makavu yaliyorundikana mpaka mguu unazama. Mwenye ugomvi alikwenda pale kupatanishwa. Mwenye mtoto mgonjwa alikwenda pale kupunga naye upepo. Asiye na shida yoyote naye alikwenda, akalala.

Nungunungu alikwenda kwa sababu ya Konokono. Mnaijua wenyewe miiba ya Nungunungu. Nani atakaa naye bega kwa bega? Swala alikaa mbali. Sungura alikaa mbali zaidi. Konokono peke yake, mwenye nyumba yake ngumu mgongoni, alisogea mpaka wakagusana, wakapiga soga hadi jua likazama. Nungunungu alimpenda shoga yake huyo kuliko chakula.

Siku moja alipita mgeni, Twiga wa nchi ya mbali. Akaaga huku akijikung'uta majani miguuni. Nyani, mkubwa wa uwanja, akaona haya. Akaita mkutano, akasema wenye heshima zao huonekana kwa uwanja wao, na huu wa kwao ulikuwa pori tupu. Wote wakakubali. Wakatafuta wa kufagia, na macho yote yakaenda kwa Nungunungu, maana mgongo wake ulikuwa ufagio tosha.

Nungunungu akafagia. Alfajiri alifagia majani, akayatupa korongoni. Alfajiri alifagia vijiti, akavitupa korongoni. Alfajiri alifagia mbegu na maua, navyo akavitupa korongoni. Uwanja ukang'aa. Kila apitaye alimsifu, na sifa mnajua zinavyolevya. Kichwa kikamvimba.

Konokono akamjia. "Shoga, tumbo langu linababuka kwa vumbi. Niachie majani kidogo tu, pale chini ya mkuyu wa mwisho."

Nungunungu akaahidi. Lakini kulipokucha aliiona ile pembe yenye majani kama doa kwenye kanga mpya. Nafsi ikamsuta, lakini mgongo ukamwasha. Akafagia.

Jioni hiyo Konokono hakuja. Kilichobaki ni mstari wa ute uliokauka, ukielekea korongoni, kule majani yalikokwenda.

Wala hakuondoka peke yake. Jongoo walimfuata, minyoo wakafuata, na ndege waliokula minyoo nao wakahama. Mvua ikanyesha juu ya ardhi ngumu, ikateleza, ikaenda zake. Chemchemi ikakauka. Mikuyu ikapukutika. Wanyama wakawa wanakuja kugombana tu, kisha wanakimbia jua. Uwanja ulikuwa safi, na hakuna aliyetaka kukaa.

Nungunungu alikaa, peke yake. Ubavu wake ulikuwa mtupu. Alikonda kwa kumkumbuka shoga yake. Akaenda ukingoni mwa korongo, akaimba:

*Shoga yangu, rudi nyumbani,*
*Nimefagia vizuri zaidi, rudi nyumbani.*

Konokono akajibu kutoka chini:

*Nyumbani ni wapi, shoga,*
*Nyumbani ni wapi pasipo jani?*

Nungunungu akarudi, akamwomba Nyani wajenge banda la kivuli. Wakajenga. Akaenda tena, akaimba:

*Shoga yangu, rudi nyumbani,*
*Tumejenga banda, rudi nyumbani.*

Konokono akajibu, safari hii kwa sauti nyembamba:

*Nyumbani ni wapi, shoga,*
*Nyumbani ni wapi pasipo jani?*

Nungunungu akarudi, akateka maji mtoni, akanyunyiza uwanja mzima. Jua likayanywa kabla hajaweka kibuyu chini. Akaenda mara ya tatu, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Korongo likanyamaza.

Akashuka mwenyewe. Akapekua majani, akaikuta nyumba ya shoga yake, haina mtu ndani.

Hapo akalia, kilio cha mtu anayejua kosa ni la nani. Alipomaliza kulia, akajigaragaza katika majani. Yakachomeka kwenye miiba, mgongo wote ukajaa. Akapanda nayo hadi uwanjani, akayakung'utia chini ya mkuyu wa mwisho. Kesho yake akafanya vilevile. Na siku zilizofuata.

Wanyama wakanung'unika. Yule aliyesifiwa kwa usafi sasa akaitwa mvivu, akaitwa mchafu. Nyani akamtisha kwamba atamvua kazi.

"Nivue," akasema Nungunungu. "Shoga yangu aliniomba majani, mimi nikampa banda."

Wakamwacha na wazimu wake. Mvua zikaja. Majani yakashika maji, udongo ukalainika, mbegu zilizotupwa zikachipua. Chemchemi ikachungulia. Ndege wakarudi. Wenye ugomvi wakakaa kivulini, na nusu ya ugomvi wakausahau kabla ya kuanza. Nyani naye akalala pale, miguu juu, na ukimuuliza atakwambia wazo lilikuwa lake.

Asubuhi moja baada ya mvua, konokono wadogo wakatoka katika majani yale. Mayai yao yalikuwa yamepanda pamoja na majani, mgongoni mwa Nungunungu, naye hakujua. Mmoja wao akatambaa, taratibu, mpaka akamgusa.

"Bibi," akasema, "hapa pazuri. Nadhani hapajawahi kufagiwa."

Nungunungu akamsogezea jani.

"Palifagiwa, mwanangu. Nilifagia mimi. Ndiyo maana mama yako hayupo."

Konokono yule hakuondoka. Akauliza mama yake alikuwaje. Nungunungu akamsimulia mpaka jua likapanda, na kila alipomtazama mtoto alimkumbuka mama.

Haya, funzo ni hili. Uwanja wa wote haupimwi kwa kung'aa. Unayeutengeneza, waulize wanaoukalia, hata yule anayetambaa. Na jirani akikuomba jani, mpe jani, siku hiyohiyo. Ukichelewa utampa mwanawe, na mwanawe si yeye.

Nami nimetoa, nanyi mmepokea. Aliyeiona fupi aiongeze, aliyeiona ndefu akalale.