Mzinga Uliokuwa Ukihama

Mtu mmoja alikuwa na wana wawili na msitu wa miyombo usioonekana mwisho wake. Alimchongea kila mwana mzinga kwa mikono yake mwenyewe, akaupaka nta ndani ili harufu iwavute nyuki. Akawaambia waende wakaitundike, na kwamba siku moja angekuja kuonja asali ya kila mmoja. Hakusema siku gani. Wala hakusema mti gani.

Mkubwa, Masele, alitundika mzinga wake kwenye mti wa kwanza alioweza kuupanda, akaenda zake kulima.

Mdogo, Lugendo, alimpenda baba yake kuliko sisi sote tunavyojidai kumpenda Mungu, na huzuni yake ilianzia hapo. Hakutaka mti wowote tu. Alitaka mti ule baba aliokuwa nao moyoni wakati akichonga. Alifunga, akaomba, kisha akautundika mzinga kwenye mninga mrefu. Nyuki wachache wakaja kuukagua, wakaingia na kutoka, kama ilivyo desturi yao kabla ya kundi kuhamia. Lugendo akangoja. Alipoona kundi haliji, wasiwasi ukamla: pengine huu si mti wangu. Akaushusha. Kundi lilipofika lilikuta tawi tupu, likapita.

Akahamia mti mwingine, na masika yaliyofuata mwingine tena. Watu walimsifu. Walisema hakuna mwana anayemtafuta baba yake kama huyu, na sifa hizo zilimtia nguvu ya kushusha mzinga tena. Nyumbani kwake hali ilikuwa nyingine. Mtoto wao Nkwabi alipobanwa na kifua, hapakuwa na asali hata ya kumlambisha, na mama yake akaenda kuomba kwa Masele. Aliporudi alimwambia mumewe, "Baba Nkwabi, nakuomba, safari hii uuache hapo ulipo." Lugendo akamjibu kwamba yeye mke hajui mambo ya mwito.

Miaka ikaenda. Nta ikakauka, harufu ikaisha, na hata nyuki wa kukagua wakaacha kuja. Mikono ya Lugendo ikashindwa kupanda. Akawa anatembea na mzinga begani, akitazama juu, akilia.

Ndipo baba akaja. Masele alileta asali nyeusi yenye mabawa ya nyuki ndani yake, akaitoa kwa aibu. Baba akala mpaka ndevu zikanata. Kisha akamgeukia mdogo. Lugendo akauweka mzinga chini, mweupe ndani kama siku ulipochongwa. Hasira na uchungu vikamtoka pamoja.

"Baba, nilikuita chini ya kila mti. Kwa nini hukuniambia ni upi?"

Baba aliingiza mkono mzingani. Akatoa vumbi, na hilo vumbi akalionja. Kisha akasema, "Mwanangu, msitu wote ni wangu. Ungekosea vipi?"

Lugendo akamsihi ampe masika mengine, mara moja tu. Baba aliitazama ile mikono isiyoweza tena kushika tawi, machozi yakamlengalenga, asimjibu neno. Ningependa kuwaambia kwamba alimjibu. Nimeitafuta njia ya kuimaliza habari hii vizuri na sijaiona.

Basi ninyi mnaonifuata kila Jumapili baada ya ibada, mkiniuliza kusudi la Mungu kwenu ni lipi, nami nawauliza: mzinga aliokupa, leo hii uko mtini, au bado uko begani?