Udongo wa Atupakisye

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali maana simu za mkononi zilikuwepo, vijiji kumi na vinne vya milimani vilikuwa na gari moja tu la wagonjwa. Dereva wake, Ipyana, ndiye aliyeliendesha na ndiye aliyepokea simu.

Asubuhi moja Atupakisye alishikwa na uchungu wa uzazi. Mumewe, Gwakisa, alikuwa safarini, majirani wako shambani. Alikuwepo baba mkwe tu, Mzee Mwaisabila, na kwa mila zao baba mkwe hazungumzii mwili wa mke wa mwanawe, sembuse damu yake. Mzee aliiona damu mlangoni, akapiga simu.

"Mgonjwa ana nini?" Ipyana akauliza.

"Hajisikii vizuri."

"Hajisikii vizuri vipi, mzee?"

"Wewe njoo tu, baba."

Kabla hajawasha gari, simu ikalia tena. Ni Lusekelo, wa kijiji cha pili: "Mama hapumui! Anakufa!"

Ipyana akaenda kwa Lusekelo. Akamkuta mama mtu amevimba kifundo cha mguu, anakunywa uji. Akageuza gari, mbio mpaka kwa Mzee Mwaisabila. Atupakisye alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni. Inauma, jamani. Hata kuisimulia inauma.

Siku ya maziko Gwakisa alisimama kaburini na koleo. "Aliyemuua mke wangu hatamtilia udongo."

Mzee akalia. "Mwanangu, wa kwanza kupiga simu ni mimi. Ningeyatamka yale kwa kijana wa watu, ningemvunjia mkeo heshima."

Lusekelo akasema, "Mwaka jana baba yangu alipougua nilisema kweli, kifua kinambana. Nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri mpaka nikamzika. Nani hapa hajawahi kudanganya ili gari lije?"

Mmoja mmoja, watu wakarudi nyuma kutoka kaburini.

"Na wewe Ipyana," akasema Gwakisa, "ulijua kwamba watu wanadanganya."

"Nilijua, kaka. Lakini siku nitakayopuuza, mgonjwa atakuwa anakufa kweli."

Gwakisa akaangusha koleo. Jua likapanda, kaburi li wazi, hakuna aliyethubutu kuinama achote udongo.

Haya, ninyi mlionikodolea macho, semeni. Je, nani alistahili kunyimwa udongo? Na kama ni wote, nani angemfukia Atupakisye?