Nyumba Iliyosema Karibu

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia, au mmeshiba mno? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mji wao, na mjini alikuwapo fundi mmoja, Mnana, yule ndege mdogo wa manjano anayesuka viota. Mikono hakuwa nayo, lakini kwa ujenzi hakuwa na mpinzani.

Mfalme Nyati akamwita. "Fundi, nijengee nyumba ndefu kupita miti yote. Ing'ae, kila mgeni aishangae."

Mnana akajenga. Ghorofa juu ya ghorofa, na kuta zote akazivika vioo. Mbingu ikaonekana ukutani, miti ikaonekana ukutani. Wanyama wakashika vichwa. "Fundi ni Mnana, wengine wababaishaji tu!" Naye kichwa kikavimba, akawa anatembea kwa madaha.

Asubuhi moja akamkuta Njiwa chini ya ukuta, amekufa. Alidhani anarukia mtini. Mnana akatazama huku, akatazama huko, akamfunika kwa majani. Akasema moyoni, "Njiwa naye haangalii aendako."

Asubuhi nyingine akamkuta Mdiria, bingwa wa kuvua samaki, amekufa. Akamfunika kwa majani. "Mdiria naye ana haraka mno." Mke wa Mdiria akaja akiuliza, "Shemeji fundi, hujamwona mume wangu?"

"Sijamwona," akajibu Mnana, macho chini. Mwongo huyo!

Mara ya tatu akasikia kishindo mwenyewe. Puu! Akashuka mbio, majani tayari mdomoni. Alikuwa Mbayuwayu, msafiri wa nchi za mbali, bawa limevunjika. Akafumbua macho.

"Kaka Mnana, usinifunike, bado ni mzima. Nimetoka mbali sana. Nilipofika hapa nikamwona mbayuwayu mwenzangu ananijia mbio. Nikasema, ndugu zangu wamekuja kunipokea. Nikaenda kumkumbatia. Nyumba gani hii, kaka, inasema karibu huku mlango umefungwa?"

Majani yakamdondoka Mnana. Akaona haya, haya ya ndege anayeua ndege. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akaenda barazani, mbele ya wote. "Njiwa nimemuua mimi. Mdiria nimemuua mimi, na mkewe nikamdanganya. Nyumba yangu inaonyesha njia pasipo na njia. Mfalme, niruhusu niufunike mng'ao wake."

Nyati akafoka, "Uichafue nyumba yangu kwa ajili ya vindege?"

"Mimi pia ni kindege, Mfalme. Nilisahau."

Mke wa Mdiria akaangua kilio. Nyati akainamisha pembe zake, na yeye haya ikampata. "Nenda, fundi. Funika."

Mnana akampima Mbayuwayu upana wake. Akasuka nyuzi za ukindu mbele ya vioo, toka juu hadi chini, zikakaribiana hata ndege mdogo asione pa kupenya. Nyumba ikapoteza urembo. Lakini ndege wakija, wanaona ukuta, wanakata kona. Hakuanguka tena hata mmoja.

Wanyama wakapiga vigelegele. Mke wa Mdiria akasogea, akasema, "Ahsante, shemeji." Heri angemtukana! Mnana hakuweza kuinua uso.

Akahama mjini siku ileile, akasuka kiota chake juu ya maji, na mlango akauelekeza chini, asitazamane na mtu. Wanawe wakarithi, na wajukuu wakarithi. Mkikiona kiota cha mnana, mlango wake u chini, msidhani ni mapambo. Ni haya.

Basi wanangu, ukijenga, usiwatazame wanaokusifu tu, mtazame na anayepita. Na ukikosea, sema mapema. Ukifunika kosa la kwanza, la pili linakuja.

Hadithi yangu imefika mwisho. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.