Mtunga Shanga na Jini Mwenye Kamusi

Wamesimulia waliosimulia, nami siongezi wala sipunguzi, ya kwamba katika mji wa Zabarijadi alitawala Sultani Ghalibu bin Sudi, mfalme mwenye majumba ya marumaru na askari wasiohesabika, na mwana mmoja tu, Haidari, kijana mzuri wa sura na mwepesi wa mikono. Wepesi huo ndio ulioleta balaa, kwani siku moja sanduku la chuma lilifika forodhani kutoka katika jahazi la Waingereza lililovunjika, na kila mwenye akili akasema lisiguswe, na Haidari akalifungua. Akatoka Jini Harjali, mrefu kuliko mnara, na kwapani kashika kitabu.

Kitabu hicho kilikuwa kamusi ya Kiingereza. Jini alikuwa amefungiwa nacho miaka mia tatu, hana mwenzi wala kitabu kingine, akakisoma mpaka kikamwingia mifupani, na kiburi kikaingia pamoja nacho. Akaketi barazani kwa Sultani bila kukaribishwa, akasema, "Enyi watu wa Zabarijadi! Nitatoa herufi katika kifuko hiki, na mwenye kucheza nami anitajie neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote kabla mchanga wa shisha hii ya kupimia wakati haujaisha. Akijibu mara tatu, kisha mimi nikashindwa na herufi zake yeye, nitakuwa mtumwa wake, naapa kwa pete ya Nabii Suleimani. Akishindwa, atakuwa kasuku wangu."

Haidari akaruka wa kwanza, asijue hata neno moja, na kabla mchanga haujafika nusu alikuwa na manyoya ya kijani.

Sultani akalia, kisha akamwamuru Mbaraka, mnakili wa vitabu, anakili kamusi ile, ambayo Jini alimwazimisha kwa dharau, na wanazuoni wakahifadhi nakala waraka kwa waraka. Kumi na mmoja walicheza, na kumi na mmoja wakatiwa tunduni. Ndipo Sultani mwenyewe akamwendea Mbaraka na kumsihi acheze, na mzee yule, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu, akakubali.

Mbaraka alikuwa na binti, jina lake Salha, mtunga shanga wa sokoni, aliyefundishwa na baba yake kusoma kila hati inayosomeka. Siku ya mchezo alisimama mlangoni pa baraza. Jini akatoa herufi mbili, na Salha akaona midomo ya baba yake ikianza kutaja maneno ya waraka wa kwanza, kisha wa pili, kama mtoto wa chuo anayeulizwa aya ya katikati, naye hawezi kuifikia mpaka aanze juu. Mchanga ukaisha. Kasuku mzee akapigapiga mbawa akiita, "Salha! Salha!" na binti akahisi moyo wake unapasuka.

Akarudi nyumbani na nakala ya baba yake, akalia mpaka machozi yakakauka, kisha akainua macho akatazama ukuta wake wa kazi. Wateja wake hawakuwahi kumwambia, "Nipe mkufu unaoanzia na ushanga mweupe." Walisema, "Nataka ule wenye marijani." Kwa hiyo yeye alitundika kila mkufu kwenye msumari wa ushanga wake ulio adimu, na mkono wake uliujua msumari hata akifumba macho. Akapiga misumari mipya, kila herufi na wake, akaandika maneno kwenye vipande vya karatasi na kuyatunga nyuzini, kila neno kwenye msumari wa herufi yake iliyo adimu, na lenye mbili adimu akalitundika mara mbili. Siku arubaini hakuuza hata ushanga mmoja.

Alipoingia barazani waziri akacheka. "Wanazuoni wameshindwa, wewe wa vishanga utaweza?"

"Bwana waziri," akajibu Salha, "wanazuoni wako tunduni. Tuwaache wapumzike."

Jini akatoa W na Z. Salha akafumba macho, akanyoosha mkono hewani kama anayegusa ukuta wake. "Wizard," akasema, "yaani mchawi." Jini akatoa J na Q. "Jonquil, ua la manjano lenye harufu." Jini akaacha kutabasamu, akatoa X, na G, na Y. Mchanga ukapungua, na vidole vya Salha vikatembea hewani, vikarudi, vikatua. "Galaxy! Kundi kuu la nyota!" Baraza zima likalipuka kwa vigelegele.

"Sasa zamu yako, bwana mkubwa," akasema Salha. "Nipe neno lenye Q na Z."

Jini akacheka, akafumba macho, na midomo yake ikaanza waraka wa kwanza. Miaka mia tatu alikuwa amekisoma kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho, wala hakuijua njia nyingine. Akaenda mbio, jasho likimtoka kama mvua, na alipofika herufi ya nne mchanga ukaisha.

"Quartz," akasema Salha. "Ni jiwe."

Jini akaanguka kifudifudi mpaka nguzo zikatikisika. "Amuru, bibi yangu."

Sultani alikuwa amekwisha simama kando ya tundu la mwanawe. Salha akamwona, na huruma ikamshika, lakini akasema, "Ewe Sultani wetu, unisamehe. Kwanza baba yangu."

Waziri akapiga kelele kwamba huo ni ukosefu wa adabu. Sultani akamnyamazisha. "Ni haki yake. Mbaraka aliingia kwa kuombwa na mimi, na mwanangu aliingia kwa kujitakia."

Basi manyoya yakapukutika, na mzee Mbaraka akasimama na kanzu yake ile ile, na Salha akamkumbatia mbele ya watu wote bila haya. Wakafuata wanazuoni, na Haidari akawa wa mwisho, ametahayari, na haraka yote imemtoka. Alipeleka posa kwa Salha mara mbili akakataliwa, na mara ya tatu alikwenda mwenyewe, akangoja uani toka alfajiri hadi alasiri bila kugusa kitu, ndipo Salha akamkubali. Harusi ikala siku saba, Jini akabeba maji, na nusu ya hazina ikaandikwa kwa jina la mtunga shanga.

Na wazee wa Zabarijadi husema hata leo: usijisifie wingi wa ulichokiweka, jisifie kujua ulipokiweka.