Kigoda cha Mbeyu

Paukwa!

Pakawa!

Wenye viuno vizima?

Wasimame!

Wenye viuno vibovu?

Tuketi, tusikie!

Hapo kale, kuku walipokuwa wakisema bila kuombwa, paliondokea mwanamke akiitwa Mbeyu. Alikuwa ameolewa karibuni, akakaa nyumbani kwa mavyaa wake, Bi Kadzo, mama wa mumewe. Mume alimpenda, naye alimpenda mume. Ila Mbeyu alikuwa na maumivu ya viungo. Yaliamka kabla yake, yakalala baada yake. Kwa nje hana jeraha wala uvimbe, basi nani angemwamini?

Siku ya kwanza akaenda kisimani. Mtungi haujajaa, viganja vikawaka moto, akarudi na maji nusu.

"Mvivu!" akasema Bi Kadzo.

Siku ya pili akashika ufagio. Akainama, kiuno kikakataa kuinuka.

"Mvivu!" akasema Bi Kadzo.

Siku ya tatu akashika mchi. Ti! Ti! Mchi ukamponyoka, nusura umvunje mguu.

"Mvivu wa kutupwa!" akasema Bi Kadzo. "Kesho, mkazamwana, utwange pishi tatu za mtama. Jua likitua hujamaliza, funga virago urudi kwenu!"

Mbeyu akalia. Mikono ilimuuma, na moyo ukamuuma zaidi.

Palikuwa na kuku mmoja, malazi yake uvunguni mwa kitanda cha Bi Kadzo. Akamjia Mbeyu akadonoa chenga miguuni pake.

"Mama, unalilia nini?"

"Nalilia mikono, kiuno na magoti. Kesho nitafukuzwa."

"Si uketi utwange?"

"Mwiko! Hapa mwanamke akitwanga ameketi, mvua nayo huketi mawinguni."

"Ala! Mimi huketi juu ya mayai siku ishirini na moja. Mbona mvua hunyesha hata ikanilowesha?"

Mbeyu akacheka, machozi yangali mashavuni.

Asubuhi akatwaa kigoda, kinu kidogo na mchi mfupi. Akatwanga, akapumzika. Akatwanga, akapumzika. Akatwanga, akapumzika. Maumivu yalikuwapo, lakini kazi ilikwenda. Jua halijatua, pishi tatu tayari.

Bi Kadzo akatokea na majirani.

"Umeketi! Umetufungia mvua!"

Kuku akapanda juu ya kinu. "Bibi, niseme nisiseme?"

"Sema, una nini wewe?"

"Kila alfajiri, mimi nikiwa uvunguni, nasikia huko juu: Uwii goti! Uwii kiuno! Uwii mgongo! Kisha watoka nje umenyooka kama mchi!"

Majirani wakacheka hata wakashika mbavu. Bi Kadzo hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Miaka ishirini natwanga nimesimama, nimeuma meno," akasema. "Niliogopa kuitwa mvivu."

Akamgeukia Mbeyu, akashusha sauti. "Mwanangu, hicho kigoda kina mwenzake?"

Mbeyu akaenda kukileta. Wakaketi wawili, wakatwanga kwa zamu, kila mmoja akilalamika apendavyo. Na mvua? Wiki ile ile ikamwagika, kuku akalowa chepechepe.

Maumivu hayakuwatoka, lakini neno mvivu lilihama nyumba ile. Basi jamani, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukimwona mwenzio ameketi, mwulize kwanza.

Ngano yangu imekwisha kutwangwa, chenga nawaachia kuku. Nimeisimulia nimeketi, asiyependa na asimulie yake amesimama!